Sema Kilo Kabla ya Kisu

Walisema sitaweza kununua hata mbuzi wa kitoweo. Walisema mtu aliyesomea ng'ombe kwenye vitabu vya Wazungu atanunua tumbo la maji akidhani ni nyama. Mzee Wambura, jirani yetu pale Butiama, alilisema hilo mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani: "Huyu kijana amepanda ndege kwenda kujifunza kitu ambacho baba yake alikijua bila viatu. Mpeni ng'ombe kumi, mwezi ujao atawarudishia kamba kumi."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimevaa koti la sufi nililorudi nalo kutoka Bulgaria, na jua lilikuwa kali. Sikulivua. Ningelivua wangesema nimeshindwa hata na koti.

Leo nimestaafu. Nyumba yangu iko Kigera, hapa Musoma, nimeijenga kwa macho yangu haya mawili, kwa maana ya kwamba macho ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilinunua ng'ombe kwa kuwatazama tu, na mchinjaji wa Musoma aliyetaka kunidanganya uzito alijuta. Najisifu? Ndiyo. Mwenye cha kujisifia na ajisifu, nanyi vijana mtajisifu zamu yenu ikifika.

Sababu ya kuandika ni swali. Juzi vijana wanaokaa kwenye benchi la fundi simu, hapa mtaani, walikuwa wakibishana juu ya karata wanazocheza kwenye simu zao, ile poka. Mmoja anasema mtu akishaijua poka ameijua, ni kama baiskeli, hata akikaa mwaka mzima atarudi na kushinda. Mwingine anasema hapana, lazima ucheze kila siku ya Mungu. Wakanigeukia. "Babu, wewe ulisomaga Ulaya, hebu tuamulie."

Walitegemea niseme karata ni dhambi. Niliwaambia wote wawili wamekosea. Wakaniuliza kwa nini, na jibu likawa refu kuliko benchi lao.

Poka naijua. Nilifundishwa na Nabil, Msiria niliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu nilipokuwa nasomea diploma ya mifugo. Tulichezea njiti za kiberiti, kwa hiyo msinitazame vibaya. Nabil aliwanyang'anya njiti wanafunzi wa mataifa sita, na wote walisema ana bahati. Mimi niliyelala kitanda cha pili nilijua siri yake. Kila asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, alijigawia karata yeye na watu watano wasiokuwepo. Alitazama za kwake tu. Kisha alitamka kwa sauti: "Hapa naacha," au "Hapa naendelea, na ninayemwogopa ni yule wa dirishani." Akishatamka ndipo alipofunua za wengine na kuona kama alikuwa sahihi. Dakika kumi tu. Halafu tunakunywa chai.

Ulipofika wakati wa mitihani aliacha kwa wiki tano. Aliporudi mezani alipoteza njiti zote, na usiniulize alivyokasirika. Alilaumu karata. Alimlaumu mgawaji. Alinilaumu hata mimi kwa kukohoa. Siku ya nne akaniambia, akiwa ametulia: "Vidole vyangu bado vinajua kuchanganya karata. Kilichosahau ni kile kinachoniambia niache. Na hakikuniaga kilipoondoka."

Nililielewa neno hilo kwa kichwa. Kulielewa kwa mwili kulinigharimu maksai wawili, mtamba na dume.

Niliporudi nyumbani nilipata kazi kwenye shirika la umma lililokuwa likinunua ng'ombe minadani kwa mizani. Mizani yetu ilikuwa ya ubao mkubwa, ng'ombe anasimamishwa juu, mshale unacheza, unatulia, karani anasoma. Nikakumbuka chai ya Nabil. Kila ng'ombe alipokanyaga ubao, nilitamka kilo kabla mshale haujatulia.

"Mia mbili arobaini."

"Mia mbili na kumi na mbili, Diploma," karani alinijibu. Jina hilo la Diploma alinipa yeye, na mnada mzima ukalichukua. "Huko Bulgaria mlikuwa mnapima ng'ombe au matrekta?"

Nilikubali kuchekwa. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nakosea kwa kilo tano, sita. Karani alianza kusoma mshale kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefungwa goli. Nikajiona nabii.

Kisha zikaja zile shida mlizosimuliwa na wazazi wenu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na springi ya mizani ikakatika. Kipuri hakikuwepo Musoma, hakikuwepo Mwanza, na fedha za kigeni za kukiagiza hazikuwepo popote. Tuliandika barua nyingi kuliko ng'ombe tuliowahi kununua. Mwishowe nikahamishiwa ofisini Musoma mjini, nikakaa miaka miwili nikiandika taarifa za mifugo bila kunusa mfugo. Nilikuwa na meza, nilikuwa na mhuri, na kila nilipokumbuka mnada nilijiambia: macho yangu yapo palepale, yananingoja.

Ruksa ya biashara ilipokuja, kila mtu akaanza kuuza kitu. Mitumba, mafuta ya taa, vitenge vya kutoka mpakani. Shirika likapunguza watu, nami nikapunguzwa. Wenzangu walilia. Mimi nilisema sasa ndiyo wakati wangu: nitanunua ng'ombe Mugeta, nitawaswaga hadi Musoma, nitawauzia wenye bucha. Nani Mara nzima anajua uzito wa ng'ombe kwa macho kama mimi?

Mtaji sikuwa nao. Nikakopa, na kwetu wakati ule watu walikopesha walichokuwa nacho, yaani ng'ombe. Nikawauze, fedha nifanyie biashara, kisha nirudishe ng'ombe wa namna ileile.

Mjomba wangu Magoti, ndugu wa mama, aliyekuwa akiishi Butiama upande wa Mwitongo, alinipa maksai wake wawili wa kulimia. Mfikirie mtu anayekupa maksai wa plau. Alisema: "Kabla ya mvua za vuli nawataka wawili kwenye nira. Usiniletee noti. Noti hazivuti plau."

Mkewe, Mama Nyamisi, alikuwa anapembua mtama. "Na wakichelewa?"

"Hawatachelewa, mama."

"Mimi nakuuliza wakichelewa."

"Mwache," mjomba alisema. "Mtoto amesoma."

"Ndiyo maana nauliza."

Dada yangu Nyangeta, aliyekuwa akianika dagaa pale ufukweni Musoma, alinipa mtamba wake mmoja tu, ambaye alikuwa akimngoja azae ili watoto wapate maziwa. Alinipa bila masharti, na hayo ndiyo masharti mabaya kuliko yote.

Wa tatu alikuwa Mzee Wambura mwenyewe. Alikuja na dume lake jeusi, akanikabidhi kamba mbele ya watu. "Chukua. Wengine wamekupa kwa mapenzi. Mimi nakupa ili ukianguka niwe na haki ya kucheka."

Niliichukua kamba. Mngefanya nini?

Sasa sikilizeni kosa, maana nimesoma kumbukumbu za wazee wenzangu na naona wote walizaliwa wakijua. Niliwauza wale wanne vizuri mjini, ambako bei iko juu, nikaenda mnada wa Mugeta na kitita. Nikaingia nikitembea taratibu, mikono nyuma. Nikakuta kundi la ng'ombe sita, matumbo yamejaa, ngozi inang'aa, wametulia. Nikamtazama wa kwanza, moyo ukaniambia mia mbili na sabini. Sikutamka. Kwa nani? Karani hayupo, mizani haipo. Nikanunua wote sita kwa bei ya ng'ombe walioshiba nyama.

Kumbe usiku kucha walikuwa wamelambishwa magadi. Asubuhi wakapewa maji, na ng'ombe aliyelamba magadi hunywa kama anazima moto. Ujanja huo si wa siri. Nilikuwa nauona kila wiki nilipokuwa kwenye shirika, kwa kuwa mshale wa mizani ulipokataa kupanda kama tumbo lilivyoahidi, nilijiuliza sababu na nikaipata puani mwa ng'ombe: unga mweupe wa magadi kwenye manyoya ya mdomo. Miaka miwili ya mhuri ilikuwa imeufuta mdomo wa ng'ombe machoni mwangu. Nilitazama tumbo, kama mgeni.

Mswagaji wangu aliitwa Kisire, mtu mfupi anayetembea kama amechelewa ibada. Tulikwenda siku tatu kwa miguu. Kabla hatujafika Nyamuswa wale ng'ombe walishaanza kukojoa, na hawakuacha.

"Bosi," Kisire alisema siku ya pili, "hii barabara mwaka huu itaota nyasi."

"Swaga ng'ombe."

"Naswaga. Lakini naona tunaswaga wachache kuliko jana."

Tulipoingia Musoma mbavu zao zilihesabika. Machinjioni walipotundikwa kwenye mizani ya ndoano, hakuna aliyefikia nusu ya nyama niliyokuwa nimeilipia. Ng'ombe sita walinipa fedha ya kununua watatu.

Nikafanya kama Nabil. Nililaumu ukame. Nililaumu mizani ya machinjio. Nikamgeukia Kisire.

"Mimi magadi niliyaona palepale mnadani," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Halafu wewe una diploma."

Vijana, hapo ndipo ilipo hatari ya hii kazi na ya ile poka yenu. Mtu aliyesahau kuogelea hujua mara moja, maji humwambia. Lakini mtu aliyesahau kupima jambo lisiloonekana haambiwi na kitu chochote. Karata nzuri zitamjia siku mbili tatu, atashinda, atasema bado nipo. Mimi pia ningeweza kukuta ng'ombe waaminifu siku ile, nikapata faida, nikaendelea kuwa kipofu mwaka mzima. Namshukuru muuzaji yule wa magadi. Sikumshukuru wakati ule.

Nilikwenda kwa wakopeshaji wangu mmoja mmoja. Nyangeta alinisikiliza huku anageuza dagaa kwenye nyavu. "Umebaki na fedha ya wangapi?"

"Watatu. Na deni ni la wanne. Nikiwarudishia leo, mmoja wenu anakosa."

"Basi usirudishe. Nenda kawatafute wanne." Akaendelea kugeuza dagaa. Watoto wake walikunywa uji mweusi, bila maziwa, mwaka ule.

Nikaenda kwa mjomba. Mvua za vuli zilishaanza kunyesha. Alinitazama mikononi, akaona sikushika kamba yoyote, akaingia ndani. Mama Nyamisi alichukua jembe la mkono lililokuwa limeegeshwa ukutani na kwenda shambani. Shamba lile maksai walililima kwa siku nne. Yeye na mjomba walilima wiki tano, na hawakulimaliza. Masika ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Vuli mbovu familia inaweza kujibana. Masika ikipita bila plau, ghala linabaki na panya peke yao.

Mzee Wambura alicheka, haki yake. Alicheka Jumapili tatu mfululizo. "Kamba yangu tu, Diploma! Naomba kamba yangu!"

Kile kitita cha ng'ombe watatu nilikifunga kwenye kitambaa, nikamkabidhi Nyangeta akifiche, nikaenda machinjioni Musoma kuomba kazi ya kubeba ngozi. Ndiyo, mwenye diploma. Nilibeba ngozi mbichi mgongoni, damu ikinitiririkia kwenye soksi. Watu niliosoma nao walikuwa wanapita na kuvuka upande wa pili wa njia. Wacha wavuke. Sikwenda pale kwa ajili ya ujira. Machinjio ndiyo mahali pekee mjini palipokuwa na ng'ombe hai asubuhi na mizani nzima baada ya saa moja.

Bwana mkubwa wa pale alikuwa Matiku, mchinjaji mwenye mikono kama magogo na sauti ya kike. Siku ya kwanza aliniona namtazama ng'ombe.

"Unamwonea huruma?"

"Nakadiria nyama yake."

"Kiasi gani?"

"Kilo mia moja na thelathini."

Wakamchinja, wakamtundika. Tisini na sita. Machinjio yote yalicheka, hadi mwenye kuosha matumbo.

"Sikia, Diploma," Matiku alisema. "Hapa kila mtu hujua kilo nyama ikishaning'inia. Ukitaka kucheza na sisi, sema kilo kabla ya kisu. Ukikosea zaidi ya kumi, unabeba ngozi ya mwenzako. Ukisema baada ya kisu, unabeba matumbo wiki nzima."

Nilibeba ngozi za watu miezi mitatu. Mgongo unakumbuka. Lakini kila alfajiri nilitamka, kwa kila ng'ombe, kwa sauti, mbele ya watu wenye njaa ya kunicheka, na kila asubuhi mizani ilinijibu. Macho yakaanza kurudi, na mengine yakaja mapya. Nilijifunza kutotazama tumbo kabisa. Nilitazama shina la mkia: likiwa na mabonde pande mbili, hakuna kitu. Nilitazama kile kishimo cha ubavuni mbele ya nyonga: kikijaa asubuhi, uliza amekunywa nini. Kiuno kwa nyuma, kidari kwa mbele, nundu kwa mkono, na mdomo, mdomo, mdomo. Mwezi wa kwanza nilikosea kwa thelathini. Wa pili kwa kumi na tano. Mwezi wa tatu Matiku akaanza kubeba ngozi yake mwenyewe, akinitukana kwa Kikurya.

Hapo nikajifunza na jambo la pili, ambalo ni jibu la yule kijana wa "cheza kila siku". Alikuwa anakuja mfanyabiashara mmoja mzee, miaka thelathini minadani, hakosi mnada wowote. Matiku akamwambia: "Mzee, sema kilo za huyu wako."

"Mimi sisemagi. Mimi naonaga tu."

"Basi ona kwa sauti."

Akakataa. Ng'ombe alipotundikwa akasema, "Eeh, ndivyo nilivyofikiri." Kila siku alisema ndivyo alivyofikiri. Miaka thelathini hakuwahi kukosea hata mara moja, kwa sababu hakuwahi kutamka, na kwa hiyo hakuwahi kujifunza chochote. Alikuwa na mazoea, hakuwa na mazoezi. Nenda kacheze poka kila siku bila kutamka unachodhani mwenzako anacho, utakuwa kama mzee yule: umechoka sana na hujui zaidi.

Basi, zikiwa zimebaki wiki chache masika ianze, nilichukua kitambaa changu kwa Nyangeta na kurudi Mugeta na Kisire. Wauzaji waliniona kwa mbali.

"Diploma huyooo! Leo umekuja na ndoo?"

"Karibu, tumekuwekea wanene!"

Hapa niliitumia poka yenyewe. Nabil alikuwa akitazama kila karata kwa muda uleule, nzuri na mbaya, asije akasomwa. Nami nilimtazama kila ng'ombe kwa pumzi tatu, sipunguzi, siongezi. Wale wanene wenye unga mdomoni, pumzi tatu. Kundi lililoingia muda uleule kutoka mbali, vumbi hadi machoni, matumbo yamebonyea, pumzi tatu vilevile. Kisire nilimwambia safari hii aseme kila anachokiona, nimemlipa kwa hilo.

"Hawa wamekonda," alinong'ona.

"Tazama mkia."

Akatazama. "Mh."

"Wamekonda au wana kiu?"

"Wana kiu, bosi. Hawa wametembea siku mbili bila maji."

"Mwekundu, mia mbili na sitini akinywa. Mwenye baka, mia mbili na thelathini. Yule wa nyuma mia mbili arobaini na tano." Nilitamka. Kisire alikuwa shahidi wangu.

Mwenye mali alianza na bei ya ng'ombe waliokonda, kwa kuwa mnada mzima ulikuwa unawatazama matumbo. Nilimuuliza huyu mwekundu anachechemea tangu lini. Hakuwa anachechemea. Alitumia robo saa kunithibitishia kwamba anatembea vizuri, badala ya kunithibitishia kwamba ni mzito. Nikanunua watatu, na watu wakanicheka tena. Mmoja aliyekuwa akinywa supu kando alisema, "Safari iliyopita alinunua maji, leo amenunua mifupa. Mara ya tatu atapata nyama."

Mtoni, Kisire aliwanywesha. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ng'ombe watatu wakinywa faida yangu. Machinjioni, Matiku alisimama na kisu mkononi akiningoja. Nikatamka. Wakatundikwa. Nilikosea kwa kilo nne, saba, na mbili.

"Sasa toka hapa," Matiku alisema. "Unatuharibia kazi."

Sikutoka. Nilizunguka minada, Mugeta, Bunda, narudi, nauza, na kila asubuhi niliyoamka mjini nilikwenda getini pa machinjio kutamka. Mara moja malaria ilinilaza wiki mbili. Nilipopona kulikuwa na mnada mkubwa kesho yake Bunda, na Kisire alishafunga mzigo. Nikamwambia hatuendi. Nikakaa machinjioni siku nne kwanza. Siku ya kwanza nilikosea kwa kumi na nane! Wiki mbili tu kitandani. Kisire alinuna, lakini mimi nilikuwa nimeshalipa ada ya somo hilo na sikukusudia kuilipa mara mbili. Kwa hiyo, vijana, kuhusu ni mara ngapi, nawajibu: dakika kumi kila siku zinatosha, mradi utamke kabla na ukubali kujibiwa. Na ukiwa umekaa nje, usirudi na mtaji wa watu. Rudi na njiti za kiberiti.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha Jumatano. Alhamisi nilikuwa na ng'ombe wanne.

Nilianza na Nyangeta. Mtamba niliyempelekea alikuwa na mimba tayari. Alimzunguka mara moja, akampapasa tumbo, akaniuliza, "Hili si maji?" Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, na dagaa wake wakaliwa na kunguru bila yeye kuwafukuza.

Nikapanda Butiama na Kisire, maksai wawili mbele, dume nyuma. Mzee Wambura alikuwa uani kwake. Nilimletea dume jeusi lenye kilo thelathini zaidi ya lile alilonipa. Alilishika nundu, akalifunua meno, akalitazama mdomo. Alikuwa anatafuta magadi, mzee yule! Hakuyapata.

"Umezidisha ili nikushukuru?"

"Hapana, mzee. Nimezidisha ili ukose la kusema."

"Nitalipata tu." Na kweli, Jumapili akawaambia watu dume la Diploma linakula sana.

Kwa mjomba tulifika jua likiwa limepanda. Udongo ulikuwa umelowa vizuri. Mjomba alitoka, akaona mikono yangu ina kamba mbili. Hakusema asante, nami sikuingoja. Aliwatazama maksai miguu, akawatazama mabega, akaleta nira na kuwafunga palepale, na kabla sijanywa maji plau ilikuwa imeshaingia ardhini. Nikasimama kwenye ukingo wa shamba na koti langu, nimelipa kila mtu, sidaiwi hata kwato. Nikamwambia Mama Nyamisi, kwa sauti ambayo nilitaka na majirani waisikie: "Mama, leo nimewamaliza wote."

Alikuwa ameketi kizingitini. Aligeuza viganja vyake, akavitazama, wala hakunionyesha.

"Mjomba wako alikukopesha maksai," alisema. "Amelipwa. Mimi nilikukopesha vuli nzima."

Nikageuka kulitazama shamba. 

"Kule pembeni kwenye mawe, plau haifiki," akasema. "Jembe liko pale ukutani."

Kisire alijifanya anatafuta kitu kwenye mzigo. Nilivua koti, nikalitundika kwenye uzio, nikachukua jembe. Malengelenge yalitoka kabla sijamaliza tuta la pili. Sikusimama. Nililima pembe yote ile, mawe kwa magugu, hadi mjomba alipofungua maksai na kuwaswaga zizini. Nilipomrudishia Mama Nyamisi jembe lake, alilipangusa udongo kwa upindo wa kanga, akalirudisha ukutani, na akaniambia niingie ndani, ugali umeiva.